Simu ya zamani isiozee kabatini: namna ya kuiandaa na pa kuikabidhi

Mimi ni fundi simu, Kariakoo, jirani na Mtaa wa Aggrey. Miaka yote niliyokaa kwenye meza hii nimeona jambo moja: watu wa Dar hawatupi simu, wanaziweka. Simu iliyopasuka kioo iko kwenye droo. Laptopu ya enzi za chuo iko juu ya kabati. King'amuzi cha zamani kiko uvunguni, kimefungwa pamoja na rimoti yake. Siku ya kuhama nyumba ndipo vyote vinasombwa kwa mkupuo, vinatiwa kwenye mfuko mmoja na maganda ya ndizi, na gari la taka linavipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Huko hakuna anayetenganisha kwa usalama. Wapo vijana wanaookota, wanaovunja kwa mawe na kuchoma nyaya wapate shaba.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa, yaani kuchakatwa ili malighafi yake itumike tena, kwa utaratibu unaofahamika ni asilimia 22.3. Kwa Afrika ni chini ya asilimia 1. Yaani karibu kila kifaa kinachofia mikononi mwetu hakifiki kinapotakiwa kufika.

Ninachotaka ushike ni kwamba kifaa kikabidhiwe mapema na kikiwa kizima. Simu iliyoachwa leo, hata kama kioo kimekufa, bado ina kamera, spika, bodi na pengine betri inayofaa. Ikikaa miaka mitatu kabatini, betri inashuka mpaka haipandi tena, au inavimba na kusukuma kioo. Pia nywila ya akaunti umeshaisahau. Hapo hata fundi hana la kufanya nayo.

Imekufa kweli?

Kabla ya kuzungumzia kurejeleza, hakikisha kwanza kwamba simu imekufa. Simu nyingi ninazoletewa kwa kauli ya "fundi, hii haiwaki" zina tatizo la sehemu ya chaji. Vumbi na pamba za mfukoni hushindiliwa mle kila unapochomeka chaja, mpaka waya haugusi tena. Mulika tochi ndani. Ukiona kitu cha kijivu kimeganda, zima simu, chukua kijiti cha meno kikavu, kwangua taratibu ukielekea nje. Usitumie pini wala sindano, maana utapiga shoti.

Kinachofuata ni betri. Simu inayojizima ikiwa na asilimia 30 mara nyingi inadai betri mpya tu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na simu mpya, na kwa mazingira ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu madhara makubwa ya simu hutokea wakati wa kuiunda kiwandani, kabla hujaiwasha mara ya kwanza.

Kuna vifaa vizima ambavyo programu ndizo zilizovikimbia. Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, na simu zenye afya kabisa zikaanza kuitwa mbovu. Oktoba 2025 Microsoft wakasitisha kuihudumia Windows 10, na laptopu nyingi za ofisini zikawekwa pembeni. Laptopu ya namna hiyo ukiitia Linux, programu endeshi ya bure, inaandika barua, inafungua intaneti, inamfundisha mtoto kuchapa. Simu isiyopokea WhatsApp bado ni redio, kamera, na tochi ya bibi kijijini. Mpe mtu ungali unakumbuka iko wapi.

Picha, akaunti na hela

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo sababu ya kweli ya simu kulala kabatini. Mama mmoja wa Mbagala aliniletea simu yenye kioo cheusi. Nilipomwambia kioo chake hakipatikani tena sokoni, akairudisha kwenye mkoba. "Mwanangu, picha za marehemu mume wangu zimo humu. Siwezi kuiacha." Nikamwambia, "Mama, kaa hapo." Nikafunga kioo cha kujaribia kutoka simu nyingine ya aina ile ile, simu ikawaka, tukahamisha picha zote kwenye memori kadi na nyingine tukazipandisha kwenye akaunti yake ya Google. Kisha akaifuta yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Simu akaniachia bila kinyongo.

Kwa hiyo ukiwa na simu ya kioo kibovu usikate tamaa. Muulize fundi kama ana kioo cha kujaribia. Kazi ni ya dakika chache, na uwe umekaa hapo hapo ukiangalia. Simu isiondoke machoni pako ikiwa imefunguliwa.

Ukishapata kuingia, fuata mpangilio huu, na usiuruke, kwa sababu ukitangulia kufuta kabla ya kutoa akaunti unaiharibu simu kwa anayefuata.

Anza kwa kuhamisha vitu vyako. Namba za simu zipandishe kwenye akaunti yako ya Google au zihamishie kwenye simu mpya. WhatsApp ihifadhi nakala, kisha ifungue kwenye simu mpya na uhakikishe mazungumzo yamefika. Angalia pia programu za benki na zile zinazotoa namba za siri za kuingilia. Hizo zisajili kwenye simu mpya wakati ya zamani ingali inawaka, la sivyo utakwenda kupanga foleni benki.

Halafu ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya akaunti, uiondoe akaunti ya Google. Kwenye iPhone, toka kwenye akaunti ya Apple na zima huduma ya kuitafuta simu iliyopotea. Watu wengi huruka hatua hii. Tangu Android 5.1, simu ikifutwa kwa nguvu huku akaunti ya mwenyewe imo, ikiwaka tena inadai nywila ya akaunti ile ile. Inabaki imefungwa. Simu nzima, kioo kizima, betri nzima, na hakuna anayeweza kuitumia. Nina boksi zima la simu za aina hiyo. Wenyewe walizitoa kwa moyo mweupe kwa ndugu na majirani, lakini hawakutoa akaunti, na nywila hawaikumbuki.

Akaunti ikishatoka, ndipo unariseti: futa data yote, irudi ilivyotoka kiwandani. Simu iliyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi huhifadhi kila kitu kwa kukificha kwa msimbo, hivyo ukishariseti, mtu hawezi kuokoteza picha zako. Simu za zamani zaidi hazina uhakika huo. Kwa hizo, riseti, kisha iwashe bila kuweka akaunti, irekodi video ya ukuta mpaka memori ijae kabisa, halafu riseti tena. Kilichokuwa chini kitakuwa kimefunikwa na ukuta.

Toa laini. Toa memori kadi. Nawaambia kila siku, na bado kila wiki nakuta memori kadi ndani ya simu iliyoletwa kuuzwa kama spea. Kuriseti simu hakufuti memori kadi usipoagiza hivyo.

Kuhusu hela, mzee wangu, tulia. Fedha za M-Pesa na wenzake haziko ndani ya simu. Zimefungwa kwenye namba yako na namba yako ya siri. Ukitoa laini umetoka na hela zako. Laini usiyoitumia tena ifunge kwa mtandao wako, usiitupe tu, kwa sababu imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, kairipoti.

Kama unamuuzia mtu simu au unampa, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, andikianeni karatasi yenye jina lake, namba ya kitambulisho, tarehe na hiyo IMEI, kila mmoja abaki na nakala. Simu ikija kuhusika na tukio mkononi mwake, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Kwa laptopu, hatari iko kwenye diski. Windows ina njia ya kuriseti inayokuuliza kama unataka kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Chagua zote mbili, hata kama inachukua usiku mzima. Laptopu isiyowaka kabisa, mwombe fundi atoe diski akurudishie mkononi mwako. Kwa kawaida ni skrubu chache. Simu iliyokufa bodi nayo haifutiki. Hiyo ingia kwenye akaunti yako ukiwa kwenye kifaa kingine, uiondoe simu kwenye orodha ya vifaa, kisha fundi atoe betri na kuitoboa chipu ya kumbukumbu ukiwa unaona.

Betri ndiyo ya kuogopwa

Simu ikiwa kabatini, kitu pekee ndani yake kinachoweza kukuchomea nyumba ni betri. Kuna kipimo chetu mafundi. Ilaze simu chali juu ya meza ya kioo, isukume kidogo kwa kidole pembeni. Ikizunguka kama pia, mgongo umetuna, betri imevimba. Dalili nyingine ni kioo kuachia fremu upande mmoja, au doa la manjano linalojitokeza katikati ya kioo, pale betri inapokisukuma kwa nyuma.

Betri iliyovimba imejaa gesi iliyotokana na kuharibika kwa kimiminika cha ndani. Usiichaji tena hata kwa dakika moja, eti uhamishe picha. Usiitoboe ili "itoe hewa". Nimeshaona kijana akifanya hivyo mtaani kwetu, ule moto unatoka kama ndimi na moshi wake unakata pumzi. Usiibandue kwa kisu kama imegundishwa ndani. Simu yote jinsi ilivyo iweke kwenye bati au sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, mahali penye kivuli nje ya chumba cha kulala, na uipeleke kwa fundi au mkusanyaji mapema.

Betri za kutolewa, zile za simu za batani, zina meno matatu au manne ya rangi ya dhahabu kwenye ukingo. Yafunike kwa selotepu. Betri zikitiwa pamoja kwenye mfuko, meno yakagusana na funguo, sarafu au betri nyenzake, zinapiga shoti zenyewe. Mimi naziweka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, safu ya betri, safu ya mchanga, na kifuniko nakiegesha bila kukikaza ili gesi isijikusanye.

Ndani ya hizo betri mna madini ya kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Kwenye bodi mna metali ya tantalamu inayotokana na madini ya koltani, ile inayochimbwa Rubaya, Kivu Kaskazini. Watu wamefukiwa kwenye mashimo ili ile chembe ifike kwenye simu yako. Kuiacha ioze dampo, kisha wenzetu warudi shimoni kuchimba nyingine, kunaniuma.

Usichome, usichemshe

Siku hizi vijana wananiletea video za mtu anayechemsha bodi kwenye tindikali na mwishoni anaonyesha kipande cha dhahabu. Wanataka niwauzie bodi mbovu. Nawapa hesabu hii. Wajapani waliamua medali za Olimpiki ya Tokyo zitengenezwe kwa vifaa vya zamani vya wananchi. Walikusanya karibu tani 79,000 za vifaa vidogo, zikiwemo simu milioni 6.21. Dhahabu waliyopata ilikuwa kilo 32. Nchi nzima, viwanda vikubwa, kilo 32. Sasa wewe na ndoo yako ya bodi, pamoja na tindikali ya kununua, utapata nini zaidi ya mapafu mabovu? Maji ya tindikali uliyoyatumia yatamwagwa mtaroni, mtaro unaingia Mto Msimbazi, na mvua za masika zikija mto unaingia majumbani kwa watu Jangwani.

Nyaya nazo zisichomwe. Plastiki inayozifunika ina klorini, na moshi wake hutengeneza dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo na kuingia mpaka kwenye mayai ya kuku wanaodonoa hapo. Shaba inatoka vizuri tu kwa kuchuna waya kwa kisu, na mnunuzi wa skrepa huilipia vizuri zaidi ikiwa haijaungua. Ukimwona mtoto anatumwa kuchoma nyaya, zungumza na mzazi wake.

Chogo na betri za sola

Dar es Salaam mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa usiku wa 31 Desemba 2012, na tangu hapo televisheni za chogo zimekuwa zikiondoka sebuleni moja moja. Kioo cha chogo kina madini ya risasi na ndani hakina hewa, kwa hiyo kikipigwa nyundo kinapasukia ndani na kurusha vipande. Wanaotafuta shaba iliyoko shingoni hufanya hivyo hivyo. Ibebe nzima, kioo kikiwa kimegeuziwa kifuani kwako, kwa sababu uzito wote uko mbele.

Betri za sola na za UPS (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), zile nzito, zina risasi na tindikali. Usimwage kilichomo ili iwe nyepesi kubeba. Irudishe ilivyo dukani unaponunua mpya. Wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei. Na uulize inapelekwa wapi. Kule Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walipata sumu ya risasi kutokana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu jirani na nyumba zao. Phyllis Omido aliyekuwa mstari wa mbele kuwapigania alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikausimamia uamuzi huo. Walishinda, lakini watoto walikuwa wameshaumia. Kurejeleza kubaya kunaua sawa na kutupa.

Pa kupeleka

Ukiwa Nairobi una bahati, WEEE Centre wanapokea vifaa vya watu binafsi na vya ofisi. Rwanda wana kiwanda cha Enviroserve kule Bugesera. Hapa kwetu kazi ya kukusanya na kurejeleza taka hizi inahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake, na msimamizi ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Nenda au piga simu ofisi ya NEMC ya kanda yako, uliza nani ana kibali cha taka za elektroniki karibu nawe. Mtu akija na mkokoteni akisema yeye ni kampuni, mwombe akuonyeshe kibali. Mwenye nacho hachukii kuombwa.

Tatizo ni kwamba hakuna gari litakalotoka Tabata kufuata kitochi kimoja Kigamboni. Mrejelezaji anataka mzigo. Kwa hiyo unganeni. Msikiti, kanisa, shule, kikoba, ofisi ya serikali ya mtaa, popote penye chumba kikavu chenye kufuli. Sisi kwenye jengo letu mafundi tumekubaliana kona moja. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akipewa taarifa mapema atawasaidia kutangaza, na kwa shule zungumzeni na mwalimu wa kompyuta, yeye kwa kawaida ana stoo iliyojaa na hajui aanzie wapi.

Tengeni mafungu matatu tu, yakizidi watu watachanganya. Betri zilizotoka zikae kwenye ndoo yenye mchanga, nje ya jua. Vyenye vioo vikubwa, yaani chogo, flati na laptopu, vipangwe sakafuni juu ya mbao, visirundikwe. Vingine vyote, kuanzia simu, chaja, ving'amuzi, rimoti, redio mpaka pasi, viingie kwenye makreti ya soda. Msitumie magunia, kwa sababu gunia likitupwa chini simu zenye betri ndani zinapondana. Mkabidhi mtu mmoja ufunguo na daftari: tarehe, aliyeleta, kifaa gani, na kama mwenyewe amethibitisha ametoa laini, kadi na akaunti. Asiyejua kutoa akaunti asaidiwe hapo hapo kabla hajaondoka. Kijana mmoja wa kidato cha tatu anatosha kwa kazi hiyo.

Msipokee kifaa ambacho mleta hajulikani na hataki kuandikwa. Cha wizi kitawaletea polisi mlangoni, na zoezi zima litaingia doa.

Vinavyotengenezeka vitoeni kabla ya gari kuja. Mwiteni fundi wa mtaa apitie makreti jioni moja. Atapata kioo cha huyu, kamera ya yule, na pengine simu kadhaa nzima za kuwapa wanafunzi. Anachochukua kiandikwe kwenye daftari hilo hilo.

Siku ya gari, pimeni uzito mbele ya mchukuaji na mwandikiane. Muulizeni maswali mawili: bodi zinakwenda kuyeyushwa wapi, na betri zinakwenda wapi. Bodi nyingi za ukanda huu husafirishwa nje kwenye mitambo mikubwa, na hilo ni sawa kama vibali vipo. Akijibu kuhusu bodi na shaba lakini akababaika kwenye betri, mpeni vingine na ndoo ya betri ibaki kwenu mpaka mpate anayejibu. Betri hazina faida kwake, na mtu asiye mwaminifu atazishusha kwenye dampo la kwanza njiani. Mkiridhika, dai karatasi yenye jina la kampuni, namba ya kibali, tarehe na kilo, uibandike ukutani pale mlipokusanyia, ili aliyeleta simu yake aone ilikokwenda na jirani yake alete ya kwake.